Nguruwe wachanga wanahitaji madini ya chuma

Je, watoto wa nguruwe wako wanapauka na kudhoofika hata kama mama yao ana maziwa ya kutosha? Huenda wamepungukiwa na damu.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya takriban miligramu 50 za madini ya chuma. Kila siku anahitaji karibu miligramu 7 ili akue vizuri, lakini maziwa ya mama humpa takriban miligramu 1 tu. Wanaofugwa juu ya saruji au mbao huathirika zaidi kwa sababu hawachimbi udongo, ambao una madini hayo.

Dalili: ngozi na masikio hupauka, manyoya husimama, pumzi huwa ya shida. Wengine hufa ghafla.

Ufanye nini?

- Wachomwe sindano ya madini ya chuma siku ya 3 hivi. Kipimo cha kawaida ni miligramu 200. Dawa nyingine hutolewa mililita 2, nyingine 1, kwa hiyo soma chupa au muulize daktari wa mifugo. Kuzidisha kunaweza kuua.
- Ukikosa sindano, weka bandani udongo mwekundu kidogo kila siku. Uchimbe mahali nguruwe hawapiti, ili usilete minyoo au homa ya nguruwe.

Chupa ya mililita 100, kwa kipimo cha mililita 2, hutosha watoto 50. Wakimbizi na wenyeji ambao nguruwe wao wanazaa wakati mmoja wanaweza kuchanga na kuinunua pamoja. Lakini kila banda litumie sindano yake.