Roboti za mapigano: kwa nini zina maumbo ya ajabu?

Niliipenda Huge tangu siku ya kwanza kuiona. Ni roboti ya Marekani yenye magurudumu mawili makubwa ya plastiki ngumu, na mwili mdogo unaoning'inia katikati. Umbo hilo lina hesabu yake. Roboti nyingi hubeba silaha chini, karibu na sakafu. Zikiivamia Huge hukuta plastiki inayopinda bila kupasuka, huku panga lake linalozunguka wima likizishukia kutoka juu. Uzuri ulioje!

Mchezo huu ulishika kasi San Francisco mwaka 1994, Marc Thorpe alipoandaa mashindano ya kwanza ya Robot Wars. BBC ikaanza kuuonyesha Uingereza mwaka 1998, kisha Marekani ikaja na BattleBots.

Katika BattleBots ya sasa, roboti ya uzito wa juu haizidi kilo 113 hivi, na pambano ni la dakika 3. Basi kila kilo unayoipa silaha, umeinyima ngao. Tombstone ilichagua silaha: pande zito la chuma linalozunguka mlalo, likigonga hata yenyewe hurushwa nyuma. Biohazard ya zamani ilikuwa bapa, kimo chake kama sentimita 10 tu, ikapenya chini ya wapinzani na kuwainua.

Roboti yenye silaha ya wima nayo ikikata kona ghafla huinua gurudumu moja, kwa kuwa kitu kinachozunguka kwa kasi hupinga kugeuzwa. Hapo mimi hubana pumzi hadi gurudumu lirudi chini.