Mtoto wa mtu wa Bukavu

Jumamosi moja mwezi wa tatu nilimpeleka mwanangu kunyoa Galerie d'Ixelles. Kwa msomaji ambaye hajafika Brussels, huu ni uchochoro wa maduka uliofunikwa paa. Unaingilia Chaussée d'Ixelles, unatokea Chaussée de Wavre, katikati ya Matonge, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Ni saluni juu ya saluni, maduka ya vitenge na mafuta ya nywele, na watu wengi ambao hawanunui chochote, wamekuja kuonana tu. Lugha inayotawala ni Kilingala, Kifaransa kinafuata. Lakini ukitega sikio utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Goma, cha Lubumbashi, na siku hiyo kilikuwepo na cha Kigoma, maana nilikuwepo mimi.

Mwanangu ana miaka 14. Wiki mbili kabla ya hapo aliachwa na akademia ya klabu aliyoichezea tangu ana miaka tisa. Tulipata barua fupi, mistari minne. Beki wa kati anatakiwa awe na umbo kubwa zaidi, walisema. Mtoto hakulia. Alisema tu anataka nywele zikatwe zote.

Kinyozi ni mzee wa Bukavu. Alimtazama kwenye kioo, akaniuliza kimetokea nini, nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, huyu mutoto asilie. Kompany naye walimufukuza. Na baba yake ni mutu wa kwetu."

Mambo yangeishia hapo, tungelipa na kwenda zetu. Lakini kulikuwa na bwana mmoja amekaa kwenye kiti cha kusubiria, amevaa vizuri, na mazungumzo yote aliyasikia. Alitufuata mpaka mlangoni. Alisema yeye ni wakala, ana watu wake katika nchi nyingine ya Ulaya, anaweza kumpeleka kijana kwenye majaribio wakati wa likizo ya Pasaka. Euro 2,500, za safari na makaratasi. Akanipa kadi. Nilipofika nyumbani mume wangu aliisoma ile kadi mara mbili, akaiweka kwenye pochi yake.

Usiku ule hatukulala vizuri. Mume wangu anafanya kazi ya ghala, zamu za usiku, na mgongo umeanza kumsumbua. Kwake ile kadi ilikuwa mlango. Mimi niliona kitu kingine, lakini sikuwa na maneno ya kukieleza. Basi nilivyotoka zamu Jumatatu asubuhi niliketi na chai nikaisoma habari ya Vincent Kompany kama ninavyosoma faili la mgonjwa, kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kinyozi hakukosea. Baba, Pierre Kompany, alizaliwa Bukavu mwaka 1947. Alikuwa mwanafunzi aliyeupinga utawala wa Mobutu, akaingia matatani, na mwaka 1975 akafika Ubelgiji kama mkimbizi. Aliendesha teksi huku akisomea uhandisi. Wasomaji wa jarida hili wanaijua ratiba hiyo bila kuelezwa. Wengine wetu tuliisomea shahada hivyo hivyo, kitabu kikiwa juu ya mapaja katika chumba cha mapumziko saa tisa usiku. Mwaka 2018 Pierre alichaguliwa kuwa meya wa Ganshoren, hapa hapa Brussels, meya wa kwanza mweusi katika historia ya Ubelgiji. Mama, Jocelyne, alikuwa Mbelgiji na mtu wa chama cha wafanyakazi. Saratani ilimchukua kabla mwanawe hajanyanyua kombe lolote Uingereza.

Vincent alizaliwa Uccle tarehe 10 Aprili 1986, akaingia timu za watoto za Anderlecht akiwa na miaka sita. Sasa sikilizeni hili, wazazi wenzangu. Mwenyewe amewahi kusimulia kwamba mwaka aliokuwa na miaka 14 alifukuzwa shule, akaondolewa timu ya taifa ya vijana, familia ikatolewa kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi, na wazazi wake wakaachana. Yote katika mwaka mmoja! Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Nikaenda kumwangalia mwanangu amelala, kichwa kimenyolewa kama yai.

Miaka mitatu tu baadaye, msimu wa 2003, kijana yule yule alikuwa beki wa kati wa Anderlecht kwenye Ligi ya Mabingwa, na Februari 2004 akaichezea Ubelgiji dhidi ya Ufaransa kabla hajatimiza miaka 18. Mwaka huo huo akapewa Kiatu cha Dhahabu cha Ubelgiji. Ukikisoma kipande hicho peke yake utadhani ni bahati, au wakala mwenye kadi nzuri. Lakini hakukuwa na safari ya majaribio wala nchi nyingine. Alibaki kwenye jiji lake na klabu yake, na nyumba mbili za wazazi walioachana ambazo zote zilimtaka aende shule.

Makombe yake yanajulikana, nitayapitia haraka. Hamburg mwaka 2006, Manchester City Agosti 2008, nahodha kuanzia 2011, ubingwa wa Uingereza mara nne: 2012, 2014, 2018 na 2019. Mume wangu, ambaye ni Manchester United wa damu, bado hajausamehe ule mpira wa kichwa wa tarehe 30 Aprili 2012, kona ikapigwa, moja bila. Na kila mtu anakumbuka lile shuti la mbali dhidi ya Leicester tarehe 6 Mei 2019, la beki ambaye hakuzoea kufunga hivyo. City walimaliza msimu na pointi 98, Liverpool 97.

Mimi nilikwama kwenye majeraha. Nafanya kazi wodi ya mifupa, siwezi kuyaruka. Mwaka wake wa kwanza Hamburg ulikatizwa na kano ya kisigino. Halafu City ikaja misuli ya shavu la mguu, ikachanika, ikapona, ikachanika tena, miaka nenda rudi. Mei 2016 kwenye nusu fainali dhidi ya Real Madrid alitoka uwanjani mapema kabisa, na fainali za Ulaya za mwaka huo akazikosa, yeye nahodha wa taifa. Msuli uliochanika huunganishwa na kovu, na kovu halivutiki kama nyama ya mwanzo. Mchezaji akirudi mapema mno, panachanika pale pale au jirani yake. Nawaona vijana wa namna hiyo wodini. Mara nyingi anayewasukuma kurudi haraka ni mtu anayewategemea kwa pesa, na mara nyingine mtu huyo ni mzazi.

Hata mechi yake ya kuagwa Manchester, Septemba 2019, iliyochangisha fedha za watu wasio na makazi, hakuicheza. Msuli wa nyuma ya paja. Alisimama pembeni.

Kwenye vipindi hivyo vya kukaa nje alikuwa anasoma. Alijiandikisha shahada ya uzamili ya biashara katika chuo kikuu cha Manchester, akaimaliza mwaka 2017, akiwa bado nahodha wa klabu. Mwaka 2013 alikuwa amekwisha anzisha BX Brussels, klabu ya vijana wa jiji hili. Mwaka 2018, miguu ikiwa imechoka, alikuwa kwenye kikosi kilichochukua nafasi ya tatu Kombe la Dunia. Akastaafu 2020 akiwa na mechi 89 za taifa, akawafundisha Anderlecht, akaipandisha Burnley mwaka 2023, na Bayern Munich ikamchukua mwaka 2024. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa Ujerumani. Mwili ulipokataa, alikuwa na kazi nyingine tayari mkononi.

Hayo ndiyo nilimweleza mume wangu, pamoja na mambo mawili ambayo kila mzazi mhamiaji anapaswa kuyajua. La kwanza, FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi hadi nchi, isipokuwa kwa masharti machache. Ndani ya Umoja wa Ulaya mlango unafunguka kidogo akifikisha 16, tena klabu iwe tayari kumpa shule na malezi. Mtoto wa miaka 14 hana safari hapo. La pili, wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye orodha yao. Jina lililo kwenye kadi nililitafuta. Halikuwepo.

Mume wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe unadhani nataka kumuuza mwanangu?" Nikasema hapana. Akasema, "Nataka tu asije akabeba maboksi." Sikuwa na jibu la hilo, nikamkanda mgongo.

Sasa kijana anacheza timu ya mtaani, uwanja wenye tope, mazoezi Jumatano na Ijumaa. Kocha wake ni mwalimu wa hisabati, hataki kumwona mazoezini mpaka aoneshe daftari. Wamempa jezi namba tano. Juzi alirudi amechubuka goti, akaniuliza kama Kompany alikuwa anajua Kiswahili. Nikamwambia tutamuuliza kinyozi.

Tulirudi Galerie d'Ixelles wiki iliyopita. Nywele zimeota kidogo, akataka achongewe pembeni. Yule bwana wa kadi alikuwepo, amekaa kiti kile kile, anaongea na mama mwingine mwenye mtoto wa kiume. Nilimaliza kulipa, nikamgusa yule mama begani nikamwambia, "Dada, njoo nikuoneshe kitenge." Alinishangaa, lakini alikuja.