Bondia wa shaba na medali ya baba

UKIPITA Barabara ya Nile jijini Kampala utaiona Sanamu ya Uhuru, mama akimwinua mtoto juu. Iliundwa mwaka wa 1962 na Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyefunza Makerere. Ni ya saruji.

Majuzi mwanafunzi wangu alisimama chini yake akaniuliza, "Mwalimu, na mabondia wetu wako wapi?" Wiki hiyo darasani tulikuwa tumetazama picha ya bondia wa shaba aliyefukuliwa Roma mwaka wa 1885. Ana zaidi ya miaka 2,000. Ameketi, mikono imefungwa kamba za ngozi, pua imevunjika, masikio yamevimba. Fundi alipachika shaba nyekundu kwenye majeraha ili damu ionekane. Hashangilii chochote, amegeuza shingo kama mtu anayeitwa tena ulingoni. Sanamu nyingi za enzi hizo ziliyeyushwa kwa kuwa shaba ni mali. Huyu aliponea ardhini.

Nyinyi wafanyabiashara wa Busia na Malaba mnaijua bei ya shaba kunishinda. Baba yangu pia aliijua. Alikuwa bondia wa ridhaa kabla hatujakimbilia Nairobi, na medali yake ya shaba ilivuka mpaka ndani ya soksi. Karo yangu ilipokosekana, aliipeleka Gikomba. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliitupa kwenye mizani pamoja na mifereji mibovu tuliyookota, akapima vyote kwa mkupuo. Nilikuwepo. Baba hakusema neno hadi tulipofika Eastleigh.

Sikumjibu kijana pale pale, kwani katika njia ninazopita sijamwona bondia hata mmoja wa shaba. Nilimtajia majina tu. Mwaka wa 1968 huko Mexico, Leo Rwabwogo alishinda medali ya shaba na Eridadi Mukwanga ya fedha, medali za kwanza za Uganda katika Olimpiki. Rwabwogo akaongeza ya fedha Munich 1972. John Mugabi naye akapata ya fedha Moscow 1980. Hakumjua hata mmoja, wala wenzake.

Sanamu ya shaba huanzia kwenye nta. Nta ikishayeyuka na kutoka, shaba hujaza nafasi yake. Tanuri hatuna, lakini nta ya nyuki ipo sokoni. Kijana ameanza kufinyanga. Jana aliuliza pua aiwekeje. Nimempelekea picha ya baba.