Maji Yaliyopigwa na Umeme, Adui wa Kuvu

Ni nani kati yetu asiyeijua kuvu? Mama afunua kapu la matunda aliyoyanunua juzi, akuta manyoya ya kijivu yamemtangulia kula. Siku hizi wataalamu wanaijaribu silaha ya kustaajabisha: maji matupu yaliyopigwa na umeme.

Tueleze. Barafu ikipashwa moto huwa maji, na maji huwa mvuke. Hewa nayo ikipewa nguvu nyingi mno, chembe zake hupasuka na kutoa mwanga. Hali hiyo ya nne, Mmarekani Irving Langmuir aliipa jina la plasma mwaka 1928. Mwali wa radi ni plasma.

Basi wataalamu hufanya radi ndogo, isiyo na joto kali, juu ya chombo cha maji. Oksijeni na nitrojeni za hewa huungana na kuingia majini. Maji huwa makali kama siki, na ndani yake huzaliwa peroksidi ya hidrojeni, nitriti na nitrati. Vitu hivyo huishambulia ngozi ya kuvu mpaka kuitoboa. Huko China wamejaribu kuosha matunda kwa maji hayo, nayo yalichelewa kuoza.

Lakini tusidanganyike. Nguvu ya maji hayo hupungua siku kwa siku, wala hayafiki ndani ya punje. Tena, sumu iliyokwisha kuingia haitoki kwa kuoshwa. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka yaliota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Kupika hakukuwaokoa, kwa maana moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo.

Kwa hiyo twaipokea elimu mpya kwa furaha, bila kuisahau ile ya wazee wetu. Tuanike mahindi na karanga juu ya mkeka, si juu ya udongo. Tusiyafunge magunia kabla punje hazijakauka kabisa. Ghala liinuliwe juu ya nguzo. Na punje zilizoota kuvu tuzitupe, wala tusiwape kuku, maana sumu hiyo huwaua nao pia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.