Saratani ya matiti: Kuzinyima seli chakula kwa dawa moja hakutoshi

MWANAMKE wa Bofu, Likoni, anayegunduliwa kuwa na saratani ya matiti huvuka feri hadi kisiwani kutafuta matibabu katika Hospitali Kuu ya Pwani. Huenda kabla ya kufika huko awe amekwisha kushauriwa na majirani aache sukari kabisa, ili ugonjwa ufe kwa njaa.

Ushauri huo una chembe ya ukweli. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alibaini kuwa seli za saratani hufyonza glukosi kwa pupa kuliko seli za kawaida, na huichachusha hata oksijeni ikiwapo tele. Lakini glukosi ya damu haitokani na chai ya maziwa pekee. Ini hutengeneza yake, hata mtu akiwa amefunga saumu.

Isitoshe, seli ya saratani ni jeuri. Ikinyimwa glukosi hugeukia mafuta au viini vya protini, mithili ya mpishi aliyeishiwa na gesi akawasha makaa. Ndiyo maana watafiti hujaribu kuziba njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Katika maabara, sukari bandia iitwayo deoksiglukosi, ambayo seli huimeza isiweze kuitumia, ilipochanganywa na metformini, dawa ya kisukari, iliangamiza seli za saratani ya matiti kuliko kila moja ikitumiwa peke yake.

Hata hivyo, maabara si mwili wa binadamu. Wagonjwa 3,649 wasio na kisukari, nchini Kanada na kwingineko, walipewa metformini au vidonge visivyo na dawa kwa miaka mitano pamoja na matibabu yao ya kawaida. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2022 yalionyesha kuwa metformini haikuzuia saratani kurejea. Hivyo, hakuna sababu ya kwenda kuinunua dukani kwa ajili hiyo.

Penye mafanikio, dawa zilichaguliwa kwa shabaha. Mwaka wa 1976, Gianni Bonadonna wa Milan, Italia, alionyesha kuwa methotreksati, inayozuia seli kutumia vitamini ya folati, ikiunganishwa na dawa nyingine mbili baada ya upasuaji, hupunguza kurejea kwa saratani. Mwaka wa 2019, Marekani iliidhinisha alpelisibu itumiwe pamoja na fulvestranti, dawa ya kuzuia homoni, kwa wagonjwa ambao saratani yao imesambaa na ina kasoro maalumu ya jeni. Kwa wagonjwa hao, muda wa kukaa bila ugonjwa kuendelea uliongezeka kutoka miezi 5.7 hadi 11.

Alpelisibu ina gharama yake mwilini. Kwa kuwa huvuruga kazi ya insulini, sukari ya damu ilipanda kwa zaidi ya nusu ya waliotumia mchanganyiko huo. Mwili hujibu kwa kumwaga insulini zaidi, nayo, kama ilivyoonekana kwa panya, yaweza kuziamsha upya seli zilizokuwa zimedhibitiwa. Kwa hiyo daktari hupima sukari kabla ya kuanza dawa na wakati wote wa matibabu, na mwenye kisukari hutakiwa kusema mapema.