Eka 160 na Miaka Mitano
Maisha ya wakulima wapya katika mbuga za Nebraska na Kansas

Ndugu mkulima, siku ile ulipoonyeshwa vigingi vya shamba lako, ulifanya nini kwanza? Labda ulitafuta maji. Labda ulitafuta mahali pa kusimamisha nyumba. Leo nataka kukusimulia habari za watu wa nchi ya mbali waliosimama katikati ya majani kama wewe ulivyosimama, hawana nyumba wala kuni, wakajiuliza waanzie wapi.

Tarehe 20 Mei 1862, Rais Abraham Lincoln wa Marekani alitia sahihi sheria ya kugawa mashamba ya Serikali. Mtu aliyetimiza miaka 21, au aliyekuwa mkuu wa nyumba, aliweza kuandikisha eka 160. Wajane na wanawake wasioolewa waliweza pia. Ada zote zilikuwa kama dola 18 tu. Lakini masharti yalikuwapo: akae shambani miaka 5, ajenge nyumba, alime, kisha alete mashahidi wawili wa kuthibitisha hayo. Hapo ndipo alipopewa hati. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, na siku hiyo hiyo Daniel Freeman aliandikisha shamba lake karibu na mji wa Beatrice, Nebraska.

Usifikiri kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Wapawnee, Waomaha, Wacheyenne na Walakota walikuwa wakiishi na kuwinda huko tangu zamani. Waliondolewa kwa mikataba na kwa vita, wakasukumwa katika sehemu walizotengewa. Wewe uliyesikia kwa wazee wako jinsi ardhi inavyochukuliwa, huhitaji kuelezwa zaidi.

NYUMBA YA UDONGO NA MAJANI

Mbuga zile hazikuwa na miti ila kando ya mito. Basi mkulima alichukua plau akapasua ardhi yenye majani, akakata vipande vyenye urefu wa kama futi 3 na upana wa futi 1. Alivipanga kama matofali, upande wa majani ukielekea chini, mpaka ukuta ukawa na unene wa futi 2 au zaidi. Mizizi ndiyo iliyoshika udongo usibomoke.

Nyumba hiyo ilikuwa na joto wakati wa theluji, na wakati wa jua kali ilikuwa baridi. Lakini mvua iliponyesha, paa lilidondosha matope, na pengine nyoka alianguka kitandani. Mama wa nyumba alitundika kitambaa chini ya paa ili udongo usiingie chunguni.

Kuni je? Wanawake na watoto walizunguka mbugani wakiokota mavi makavu ya nyati, na baadaye ya ng'ombe. Walichoma pia magunzi ya mahindi na majani makavu yaliyosokotwa. Maji nayo yalikuwa taabu. Penye miinuko, visima vingine vilichimbwa kwa mkono kupita futi 200. Asiye na kisima alikwenda mtoni na mapipa juu ya gari la ng'ombe.

NZIGE NA THELUJI

Mwaka 1874 nzige walishuka kutoka upande wa milima ya Rocky. Walikula mahindi, wakala mboga, wakatafuna hata mipini ya majembe. Akina mama walifunika bustani kwa mablanketi; nzige wakayala mablanketi, kisha wakala mboga. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilikuwa na vuguvugu, watoto wakaenda shule bila nguo nzito. Ghafla ikaja dhoruba ya theluji, mtu asione mkono wake. Watoto wengi walikufa wakijaribu kurudi nyumbani.

WALIOONDOKA NA WALIOKAA

Watu kama milioni 1.6 walipata hati kwa sheria hiyo. Lakini wengi wengine waliacha mashamba kabla ya miaka 5 kwisha. Sababu moja ilikuwa kipimo. Eka 160 zilitosha mahali penye mvua, lakini upande wa magharibi wa Nebraska ni mkavu. Mwaka 1904 sheria nyingine iliongeza kipimo cha huko kuwa eka 640.

Sababu ya pili ilikuwa deni. Aliyepata hati aliweza kuiweka rehani, akanunua mashine na farasi. Ukame ulipokuja katika miaka ya 1890, na bei ya mazao ikaanguka, wengi hawakuweza kulipa. Hati waliyoingoja miaka mitano ilichukuliwa na mwenye kukopesha.

Na waliokaa walikaaje? Wengine waliokolewa na mbegu. Mwaka 1874 Wamennonite kutoka Urusi walifika Kansas na ngano ngumu, inayopandwa kabla ya baridi na kuvunwa kabla ya jua kali, nayo ikaifaa nchi ile. Wengine waliokolewa na majirani. Mwaka 1877 watu weusi waliotoka Kentucky, wengi wao waliokuwa watumwa, walianzisha mji wa Nicodemus katika Kansas. Majira ya baridi ya kwanza walikaa katika mashimo waliyochimba ardhini, na inasimuliwa kwamba Waosage waliokuwa wakitoka kuwinda waliwagawia chakula.

Tena kulikuwa na kosa lililokawia kuonekana. Mizizi ile iliyoshika kuta za nyumba ndiyo iliyokuwa ikishika udongo wa nchi nzima. Majani yalipolimwa yote, ukame wa miaka ya 1930 ulikuta udongo mtupu, upepo ukaubeba kama moshi. Ndipo mwaka 1935 Serikali ya Marekani ilipoanzisha idara ya kuhifadhi udongo.

Ndugu mkulima, na wewe mama unayeshika jembe, hati ni karatasi, nayo hutolewa kwa siku moja. Shamba hupatikana polepole, mwaka baada ya mwaka. Kabla hujatia kidole katika karatasi ya mkopo, hesabu utalipa nini mvua ikikosa. Kabla hujapanda, muulize Bwana Shamba kama mbegu hiyo inafaa kwako. Na penye mteremko, acha ukanda wa majani. Hao ndio askari wa shamba lako, wala hawadai mshahara.