Bunduki laki mbili zarudishwa kwa fundi: mchanga wa Ghuba ulivyofichua ubovu

Friji ikiharibika nyumbani, mtu hupiga hesabu kwanza. Nimwite fundi, au nitupe ninunue jipya? Serikali ya Uingereza ilijikuta na hesabu ya namna hiyo hiyo miaka ya 1990, ila chombo chenyewe kilikuwa bunduki ya jeshi lake zima, inayoitwa SA80. Na kilichofichua ubovu wake mbele ya dunia ni mchanga wa Ghuba hii tunayoishi wengi wetu.

SA80 iliingia jeshini mwaka 1985 kushika nafasi ya SLR. Ni bunduki fupi, magazini yake imekaa nyuma ya kifyatulio badala ya mbele. Ilianza kutengenezwa Enfield, kaskazini ya London, mji ule ule ulioipa jina Lee-Enfield, bunduki waliyoibeba wazee wetu wa KAR waliopelekwa kupigana Burma. Lakini Enfield ya miaka ya themanini haikuwa ile ya zamani. Royal Ordnance, iliyokuwa mali ya serikali, iliuzwa kwa British Aerospace mwaka 1987, na mwaka uliofuata kiwanda cha Enfield kikafungwa, kazi ikahamia Nottingham. Sasa fundi anayejua kuwa kesho hana kazi, utamtaka aifanye kazi yake kwa moyo gani?

Malalamiko yakaanza mapema. Kitufe cha kuachia magazini kilikuwa kikigusana na nguo za askari, magazini inadondoka chini bila ya mwenyewe kutaka. Dawa ya kufukuza mbu ilikuwa ikila plastiki ya bunduki. Pini ya kupigia risasi ikivunjika. Na mtu wa mkono wa kushoto hakuwa na lake, kwa sababu ukiiweka bega la kushoto, ganda la risasi linakurukia usoni.

Haya yote yangeweza kubaki manung'uniko ya kambini. Ikaja vita ya Kuwait, 1991. Jangwani mchanga ukaingia ndani ya bunduki, na bunduki zikakwama. Ripoti iliyoandikwa baada ya vita ilieleza kwamba askari hawakuwa na imani na silaha yao, na ripoti hiyo ikavuja mpaka magazetini. Hebu fikiri maana yake. Kijana wa miaka 19 hakuichagua bunduki, kakabidhiwa. Akivuta kifyatulio na kisitoke kitu, aliyesaini mkataba hayupo pale.

Pamoja na hayo, ilipita karibu miaka kumi kabla ya dawa kamili kupatikana. Kazi ilipewa kampuni ya Heckler & Koch, ambayo makao yake ni Oberndorf, Ujerumani, lakini wakati ule ilikuwa mali ya hao hao British Aerospace, walioinunua 1991. Mkataba ulikuwa wa pauni milioni 92 kwa bunduki kama 200,000. Ukigawa, ni kama pauni 460 kwa kila moja. Zilizokuwa zimetengenezwa tokea mwanzo ni zaidi ya 300,000, kwa hiyo si zote zilizopelekwa kwa fundi.

Walichofanya ni kuuacha mwili wa bunduki na kubadilisha matumbo yake: boliti, kijino kinachovuta ganda, pini, springi, nyundo, magazini na vinginevyo. Mkono wa kukoki nao ukapewa umbo jipya, mfano wa alama ya mkato tunayoiandika katika sentensi, ili ganda linapotoka lipigwe kando lisirudi ndani. Kitu kidogo, lakini ndicho kimojawapo kilichokuwa kikiikwamisha bunduki.

Kisha ikapelekwa kujaribiwa mahali penye tabu: baridi ya Alaska, unyevunyevu wa Brunei, na joto la Kuwait, mbali ya Uingereza kwenyewe. Hapa ndipo palipofanywa la maana. Mara hii jangwa liliulizwa kabla ya vita.

Ajabu ni kwamba wakati bunduki inatengenezwa, vifaa vingine vilikuwa vinarudia kosa lile lile. Mwaka 2001 Uingereza ilileta Oman watu zaidi ya 22,000 kwa mazoezi ya Saif Sareea II pamoja na majeshi ya Sultani. Vifaru vyake vya Challenger 2 vililetwa bila ya kufanyiwa matengenezo ya jangwani, ili kubana matumizi. Vumbi la Oman likaziba vichujio vya hewa, vingine vikadumu saa chache tu, vifaru vikasimama. Viatu vya askari navyo vikaachana soli kwa joto. Wakaguzi wa hesabu za serikali wakayaandika haya mwaka 2002. Kabla ya kuingia Iraq 2003 vifaru vikafanyiwa haraka haraka kinga ya vumbi. Rahisi ghali, wazee walisema.

Na bunduki iliyotengenezwa je? Mwaka 2002 makomando wa Royal Marines walioko Afghanistan walilalamika kwamba hata hii mpya inakwama. Wizara ikatuma watu kwenda kuangalia, na jibu likawa kwamba tatizo lilikuwa usafishaji na utiaji mafuta. Wapo waliosema wizara inamtupia askari lawama. Lakini lipo funzo: ukibadilisha bunduki usiposomesha mtumiaji namna ya kuitunza upya, kazi umeifanya nusu. Baadaye SA80 hiyo ilipita vita vya Iraq na Afghanistan na sifa yake ikapanda, na mwaka 2018 zilianza kutolewa 5,000 za kwanza za toleo la tatu, zimetengenezwa tena na Wajerumani wale wale. Bunduki iliyotaka kutupwa bado ina kazi.

Nchi za Ghuba nazo zinatumia fedha nyingi kwa silaha, na mara kwa mara tunasoma habari za mikataba ya kununua na kukarabati. Ukiisoma nyengine, usitazame ile idadi ya mamilioni tu. Uliza mambo matatu. Kifaa kimejaribiwa wapi, kwenye mchanga na joto, au kwenye uwanja wa nyasi Ulaya? Nani atawafundisha watumiaji, na kwa lugha gani? Na askari wa chini akisema kinakwama, maneno yake yatafika kwa nani, na baada ya muda gani? Uingereza ilichukua karibu miaka kumi kulijibu hilo la tatu.